Wawili Waliobadilishana Nchi

Nilipopata nafasi ya kwenda kusomea shahada ya pili ng'ambo, nilikuwa nikifundisha katika shule ya Asumbi. Nilienda nyumbani Kendu Bay kumuaga mama, nikamkuta akianika omena, wale dagaa wa ziwani.

"Huko unaenda kusoma nini tena, nyathina, mwanangu?" akaniuliza.

"Jinsi nchi zinavyopatana, Mama."

"Kumbe hata hilo lina shule?"

Lilikuwa nayo, tena shule nzuri. Ilikuwa katika mji wa kale wa bandari huko Italia, ndani ya jumba la mawe lililowahi kuwa forodha. Ukisoma maktabani ulisikia meli zikipiga honi. Tulitoka kila upande wa dunia, na msichana wa Kiafrika nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyeniuliza mimi ni binti wa nani. Waliniuliza naonaje, kisha wakangoja nijibu. Hilo sikuwa nimelizoea, na nililipenda sana.

Mwalimu wetu wa mikataba alikuwa mzee mrefu, akichechemea kwa jeraha la vita. Muhula ule aliwachagua vijana wawili kutoka nchi mbili jirani za Asia zilizogombania maji ya mto mmoja. Walikuwa marafiki. Jumapili walipika pamoja, nami nilialikwa kwa sababu nilijua kukaanga samaki. Kazi waliyopewa ni kujadiliana mbele ya darasa hadi wapate mkataba wa mto huo, ila kila mmoja aitetee nchi ya mwenzake.

Kabla siku haijafika, nchi zao zikaingia vitani. Tulisikia habari redioni tukiwa mezani. Mmoja wao, yule mwembamba, alikuwa na kaka rubani wa ndege za kivita. Aliweka kijiko chini, akatoka nje. Rafiki yake akainuka, akamfuata. Sisi wengine tukabaki tunatazama sahani.

Mwalimu akawaambia mbele yetu, "Mnaweza kuiacha kazi hii. Hakuna atakayewalaumu."

"Tukiiacha sasa," yule mwembamba akajibu, "tumekuja kusoma nini?"

Basi siku ikafika. Akasimama, akawatetea wakulima wa nchi iliyokuwa ikijaribu kumtungua kaka yake. Alieleza ukame wao, mifereji yao, mashamba yao, wala hakupunguza neno. Alipofika katikati sauti ikamkatika. Mwenzake akavuta kiti, akaketi kando yake, akamsomea sehemu iliyobaki. Kisha akapumua, akaanza kuitetea nchi ya rafiki yake kwa moyo uleule. Mchana wakatia sahihi. Ilikuwa karatasi ya darasani tu, lakini yule mzee alisimama kwa heshima, nasi sote tukasimama. Nililia, wala sikuona haya.

Niliporudi Kendu Bay na shahada yangu, nilimsimulia mama mambo haya yote. Alisikiliza huku akichambua mboga. Nilidhani ataniuliza nitapata kazi gani.

"Na yule kaka wa kwenye ndege?" akauliza.

"Alipona, Mama. Ndege ilianguka, akavunjika mguu, lakini alirudishwa kwao."

"Na yule rafiki, aliposikia?"

"Ndiye aliyesikia wa kwanza. Alipanda ngazi akipiga kelele za furaha, jumba zima likaamka."

Mama akatikisa kichwa, akacheka polepole, akaniambia nimsimulie tena tangu mwanzo.