Paa Nililolifunga kwa Vifungo vya Gauni

Aibu niliyoipata mimi Merisiyana kwenye barabara ya uwanja wa ndege, mbele ya soko zima la Kabeza na mbele ya wakwe wa binti yangu, nimeificha miaka mingi kwa kusema tu kwamba siku ile upepo ulikuwa mkali. Haukuwa mkali. Ulikuwa upepo wa kawaida wa kiangazi, kosa lilikuwa langu na la sindano yangu, na kwa kuwa sasa nimezeeka na aibu yenyewe imechoka kukaa na mimi, nitalisema lote.

Mimi ni mshonaji. Shule niliiachia darasa la tatu huko Buyenzi, Bujumbura, nilikozaliwa (ndiyo maana Kiswahili kinanitii kuliko hesabu), kisha nikaolewa Kigali, nikakaa Nyamirambo, na mume wangu Gaspari alipofariki aliniacha na binti mmoja, Imakulata, na cherehani mbili. Hiyo cherehani ya pili ndiyo iliyonipa gari. Jirani yetu Rashidi, aliyekuwa akileta magari kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameleta gari dogo la Kijapani, lililokwishatumiwa na watu wengine kama nguo za mtumba, gari la kukimbia, lenye viti viwili tu na paa la turubai la kukunjwa nyuma kama shuka, ila hilo paa panya walikuwa wamelila likabaki fremu. Na usukani ulikuwa kulia, kama wanavyotaka huko Japani na Tanzania, wakati sisi huku dereva anakaa kushoto. Mwaka mzima hakuna aliyelitaka. Watu walikuwa wanalizunguka, wanauliza watoto watakaa wapi, mbuzi atakaa wapi, na mvua ikinyesha je. Mke wake Zubeda alikuwa anatamani cherehani, mimi nilikuwa natamani lile gari tangu siku nilipoliona (sijui kwa nini, mtu hachagui anachokitamani), basi tukabadilishana tukiwa tunakunywa chai, na kabla chai haijapoa nilikuwa na gari.

Godelieva, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuangusha vikombe, alilitazama akaniambia, "Merisiyana, umechukua beseni lenye magurudumu."

Nikamwambia angoje.

Fundi Dewo, aliyekuwa na garaji mwisho wa njia yetu, alitafuta injini nyingine ya Kijapani yenye nguvu zaidi, akabadilisha springi na breki, akalipaka rangi nyekundu ya tunda la kinyomoro lililoiva. Mimi nikashona viti upya kwa skai, ile ngozi ya bandia ya makochi, nikatia mshono mweupe pembeni. Huyo huyo Dewo ndiye aliyenifundisha kuendesha, na permi, leseni ya udereva, niliipata mara ya tatu, si kwa kutojua bali kwa kuwa mimi ni mfupi na yule mtahini alikuwa anadai hanioni. Baada ya miezi kadhaa Godelieva aliacha kusema beseni. Alianza kusema "gari letu".

Kilichobaki ni paa.

Sasa msikilize paa lilivyogeuka kuwa jambo la maisha ya mtu. Imakulata alichumbiwa na Fidele, kijana wa Kabeza, mpole, hana neno. Aliyekuwa na maneno ni shangazi yake, Felisita, ndiye aliyemlea na ndiye mwenye ua ambamo Imakulata na mumewe wangeishi. Siku ya gusaba, wakwe walipokuja kwangu kuomba msichana, mambo yote yalikwenda vizuri mpaka nilipotangaza kwamba bibi harusi nitampeleka kanisani kwao Kabeza mimi mwenyewe kwa gari langu. Felisita akaweka chupa yake chini polepole. Akasema kwao bibi harusi hasafiri kichwa wazi katika gari lisilo na kichwa, kwao bibi harusi anafunikwa, na anabaki amefunikwa mpaka siku ya gutwikurura, siku ndugu zake wanapokuja na zawadi na kumfunua ili aanze kazi za nyumba yake.

Mimi nikasimama (nilikuwa nimekunywa kidogo, nakiri) nikasema mbele ya wazee wote, "Shangazi, mwanangu atafika kwenu amefunikwa kama maziwa."

"Tutaona," akasema Felisita. "Mama asiyeshika neno, binti yake hashiki nyumba."

Watu walicheka. Imakulata hakucheka. Jioni ile tulipokuwa tunaosha sahani aliniambia, bila kunitazama, "Mama, anayekwenda kuishi na yule mama ni mimi. Hilo paa ulishone vizuri."

Nililishona vizuri, jamani, nani atasema sikulishona. Turubai jeusi nje, satini nyeupe ndani kama shela, mshono wa mara mbili. Fremu ilishikwa nyuma kwa bawaba zake, lakini kule mbele, paa linapokutana na kioo, kulabu za zamani zilikuwa zimekatika. Dewo alikuwa ameagiza nyingine kupitia kwa Rashidi. Akasema, Mama Imakulata, ngoja kulabu. Nikasema harusi ni Jumamosi. Akasema basi tumia gari la Karoli, kaka ya marehemu Gaspari, aliyekuwa na pikapu. Nikamtazama kama mtu aliyenitukana.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nilikuwa na kopo limejaa vishikizo vya gauni, vile vifungo vya chuma vinavyobana viwili viwili, tak. Nikashona arobaini kwenye ukingo wa mbele, na wenzao arobaini nikawagandisha kwa gundi kwenye utepe juu ya kioo. Dewo alikuja, akavuta kwa vidole viwili, akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Dewo, vifungo hivi vinashikilia kifua cha Godelieva misa nzima, na Godelieva anaimba sauti ya kwanza. Upepo ni nani?"

Dewo akarudi garajini kwake.

Jumamosi asubuhi wakwe walituma basi dogo kuja kumchukua bibi harusi kwa heshima, dereva wake akiitwa Viateri, na ndani yake alikuwa Felisita na wazee wanne. Imakulata akaingia kwenye gari langu, kushoto, maana kulia nilikuwepo mimi na usukani wangu. Tukatangulia, nyuma yetu Karoli na pikapu ya wasimamizi na Godelieva na vikapu, nyuma yake basi. Mjini tulipita watu wakisimama. Nilikuwa naendesha polepole kama mtu aliyebeba mayai, chini ya paa langu, satini ikitoa mwanga mweupe usoni mwa mwanangu, nikasema moyoni, Gaspari, tazama.

Tulipopita Remera, barabara ikanyooka. Basi likampita Karoli, likatukaribia nyuma, likaanza kupiga honi. Felisita akatoa kichwa dirishani akauliza kama tunakwenda harusini au tunasindikiza maiti. Wakati huo huo mtu wa baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa akatupita. Akatusalimia kabisa.

Nikakanyaga.

Injini ya Dewo haikuwa na utani. Gari likaruka mbele, na mimi nikacheka, Imakulata naye akacheka, na ndipo nilipoona paa linavimba. Likavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Kisha nikasikia tak. Kisha tak, tak. Kisha vyote vilivyobaki kwa pamoja, kama mahindi kwenye sufuria, fremu ikasimama wima, turubai likachanika kwenye bawaba za nyuma na kupaa zima zima juu ya barabara, likachukua na kitana cha shela ya Imakulata. Shela ikazunguka hewani mara moja ikatafuta kichwa cha kukaa. Ikakaa kwangu.

Sikuona kitu isipokuwa weupe. Nilifunga breki nikimwomba Mungu na Dewo, gari likatoka kwenye lami, likasimama kwenye majani, likazima. Nyuma yetu, paa lilikuwa limetua kwenye kioo cha basi, likafunika Viateri, Felisita na wazee wanne kama sahani ya chakula, ila Viateri naye alisimamisha basi vizuri, hakuna aliyeumia hata ukucha.

Miaka ile barabara haikukosa jandarme, askari wa barabarani. Huyu alikuja mbio, akaenda upande wa kushoto, upande wa dereva wa nchi hii, akamkuta Imakulata amekaa kichwa wazi, nywele zimesimama, maua mkononi. Mimi upande wa pili nilikuwa bado napigana na shela, nimeivuta mpaka imenizunguka shingo na uso. Akamwomba Imakulata permi. Imakulata akasema hana. Akamwuliza usukani uko wapi. Imakulata akaelekeza kwangu kwa maua. Jandarme akanitazama mimi niliyefunikwa, akamtazama yeye aliyefunuliwa, akakuna shingo, akasema kwa Kiswahili chake cha kwetu:

"Samahani. Kati yenu nani anaorewa?"

Soko lote la Kabeza lilikuwa limeshafika barabarani, na kila mtu alisikia. Wauza nyanya walikaa chini kwa kucheka. Godelieva alishuka kwenye pikapu akijishika mbavu, naye ndiye aliyetakiwa kunitetea. Mimi mwanamke wa miaka hamsini, mjane, mwenye shela kichwani. Ningepata shimo ningeingia na gari.

Kisha kicheko kikapungua, maana Felisita alikuwa anakuja kwa miguu, mshanana wake, lile vazi la sherehe la kufungwa begani, umejaa vumbi, anakokota paa langu kwa kona moja. Akalitupa mbele ya gari. Akasema ndiyo hayo, bibi harusi amefanyiwa gutwikurura na upepo, barabarani, mbele ya wauza nyanya, na mama yake neno lake limeruka na turubai.

Nilitaka kulia. Lakini ulimi wangu haujawahi kuningojea. "Shangazi," nikasema, "nilisema atafika kwenu amefunikwa. Hapa si kwenu. Hapa ni barabara ya serikali. Muulize huyu jandarme."

Jandarme akakubali kwamba ni ya serikali.

"Na atafikaje amefunikwa?" akasema Felisita. "Vifungo vyako vyote viko njiani, kuku wanavidonoa."

Nilitazama mikono yangu, mikono niliyoitegemea maisha yote, nikaona haina la kufanya. Aliyesimama ni Imakulata. Alisimama juu ya kiti changu cha skai, na viatu vyake, akawatazama wote kama mtu anayehesabu viti vya wageni.

"Baba mkubwa Karoli, shika kona ya mbele kule. Godelieva, hii. Spesioza, nyuma." Spesioza alikuwa msimamizi wake. Ikabaki kona moja, ile iliyokuwa miguuni kwa Felisita. Imakulata akamgeukia, sauti yake ya chini kabisa, yenye adabu yote. "Shangazi, tafadhali, shika hiyo. Mama anaendesha."

Felisita alimtazama. Kisha akainama, akaokota kona, akaikung'uta vumbi.

"Huyu atashika nyumba," akasema, si kwangu, kwa jandarme.

Basi ndivyo tulivyokwenda. Imakulata akavaa shela yake, nikawasha gari, gia ya kwanza, nao wanne wakatembea pembeni wameinua paa juu yetu kwa mikono, satini nyeupe chini, jandarme mbele anasimamisha magari kwa filimbi, Viateri nyuma anapiga honi za furaha, na soko zima linaimba na kupiga makofi. Yule wa baiskeli ya mkaa tulimkuta amepumzika, akajiunga. Nimeona harusi za watu wakubwa Kigali kabla na baada, sijaona bibi harusi aliyefika mlangoni mwa kanisa amefunikwa kama yule, hatua kwa hatua, na Fidele amesimama juu ya ngazi mdomo wazi hajui kama anaona harusi au hema linalotembea.

Wiki iliyofuata walikuja wasichana watatu nyumbani kwangu, kila mmoja anataka kuolewa kwa "gari la kutembezwa chini ya satini". Niliwapeleka wote. Kulabu za Dewo zilifika Jumatatu, bila shaka.

Baadaye, mwaka wa tisini na nne, yalikuja yale yaliyokuja, na katika hawa niliowataja wengi hawapo, ndiyo maana sikusema "jirani" na "fundi" na "dereva" tu, nimesema Godelieva, nimesema Dewo, nimesema Viateri, nimesema Karoli.

Nilichojifunza ni hiki: mtu unampima amesimama, gari unalipima likikimbia, na mshonaji asiyejua tofauti hiyo avae shela mapema, maana itamfuata. Kishikizo cha gauni sijakishona tena kwenye kitu chenye injini, na sitakishona.

Ila nimesahau gutwikurura yenyewe. Siku chache kabla yake, Felisita alimtuma Viateri kwangu na ujumbe, amesimama mlangoni kofia mkononi, anajikaza asicheke. Alisema, "Shangazi anasema mje wote, na uje na gari lako. Paa uliache nyumbani. Anataka kukaa pale kushoto, apite Kabeza, watu wamwone."