Siku Papa Gaston Alipoivalisha Nyumba

Nimetembea miji mingi, lakini nyumba kama ile ya mtaa wa Doornfontein, kule kusini mwa Afrika, sijaiona tena. Ilijengwa zamani za Malkia Viktoria, na kufika mwaka 2017 maghorofa yalikuwa yameizunguka pande tatu. Ukiingia sebuleni unanyamaza tu, hata kama hukukusudia.

Mtunzaji wake alikuwa Papa Gaston, mtu wa Bukavu. Kung'arisha sakafu alifundishwa na masista wa huko: unafunga vipande vya blanketi miguuni, unateleza juu ya mbao, mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayecheza peke yake. Miaka kumi na mmoja alifanya hivyo.

Ndipo kampuni ikataka kuibomoa ijenge ghorofa. Serikali ya mji ikaamua kutuma mkaguzi: akikuta vitu vya asili vipo, nyumba itabaki, akikuta vimebadilishwa, basi ibomolewe.

Papa Gaston akaona jambo moja tu, anakuja mgeni. Na kwao mgeni hapokelewi na vitu vikuukuu. Akatandika plastiki ya maua juu ya mbao zote. Meko ya marumaru akaifunika vitambaa vya kufuma. Dirisha la vioo vya rangi akalibandika karatasi, jua lisimsumbue mgeni machoni.

Mkaguzi akafika, mama mmoja mtu mzima, akazunguka, akaandika. "Pole, baba," akasema kwa Kiingereza. "Hapa hakuna cha asili kilichobaki."

Mama Léocadie, mke wa Gaston, akaruka. "Eish, Gaston! Umeivalisha kama bibi harusi, sasa wanaizika! Ivue!"

"Mbele ya mgeni? Mbao zimezeeka, mama. Aibu."

"Aibu utaiona tukilala barabarani!"

Gaston akapiga magoti, akakunja plastiki. Mbao zikatokea, nyekundu iliyokolea, zinameta kama maji. Léocadie akabandua karatasi dirishani. Mwanga wa kijani na samawati ukamwagika sakafuni, ukampanda mkaguzi mpaka usoni. Nje mashine zilinguruma, lakini ni kama zilikuwa nchi nyingine.

Yule mama akavua viatu. "Nani anazitunza?"

"Mimi. Samahani kwa uzee wake."

Mkaguzi akaichana karatasi aliyoandika kwanza, akaandika upya palepale, ameketi chini.

Mwaka uliofuata nilipita tena. Ghorofa limejengwa, orofa kumi na nne kwenda juu, vioo vitupu, limekunja kona kuipisha nyumba. Papa Gaston alikuwa anafungua madirisha. Nikasimama barabarani mpaka askari wa ghorofa akaniuliza, "Mzee, umepotea?"

"Hapana, mwanangu. Natazama."