Mwalimu Falesi na Beseni la Maji ya Moto

Saa moja na nusu asubuhi, Falesi Nkhoma anasimama mbele ya watoto 124 wa darasa la sita. Mkononi ana chupa tupu ya plastiki, puto limevishwa mdomoni. Mezani kuna beseni la maji ya moto, na hilo ndilo linalomtia hofu.

Wiki tatu zilizopita, katika shule hii ya msingi vilimani Dedza, Malawi, alipasha moto chupa ya kioo juu ya makaa. Maabara hakuna, na vitabu vya sayansi ni tisa tu. Watoto walisukumana ili waone, chupa ikapasuka, kipande kikamchana mwanafunzi wake, Tadala Mbewe, juu kidogo ya jicho.

"Nilimbeba mgongoni hadi zahanati," anasema Falesi, mwaka wake wa kumi na moja kazini. "Njia nzima nilikuwa namuuliza, unaniona? Unaniona?"

Kidonda kilipona. Mwalimu mkuu akapiga marufuku majaribio. Afundishe kwa ubao tu. Falesi akatii, hadi alipotoa zoezi. Watoto 97 waliandika, neno kwa neno, kwamba hewa hutanuka ikipata joto. Alipowauliza hewa ni nini, wakamsomea tena sentensi ile ile.

Akarudi kumsihi mkuu, naye akatoa sharti: mama yake Tadala aridhie. Mara mbili Falesi aliishia njiani. Mara ya tatu akabisha hodi. Mama huyo, Enelesi, akasema atakuja kuona kwanza ndipo aamue.

Leo amekuja mwenyewe. Ameketi nyuma kabisa, amejitanda kitambaa cha chitenje mabegani, hasalimii mtu.

Falesi anaizamisha chupa. Puto limelegea, kisha linanyanyuka polepole na kusimama. Tadala ameziba uso kwa viganja. Anachungulia, halafu anavishusha.

"Madamu, ukiitoa majini, litalala tena?"

"Wewe unaonaje?"

"Litalala."

Kipindi kinapoisha, Enelesi anamfuata mwalimu mezani.

"Hili hata mimi sikulijua," anasema. "Endelea, madamu. Ila siku ya jaribio la moto niite, niwazuie hawa wasisukumane."

Bado Falesi hapati usingizi mzuri kila akiwa na sayansi kesho yake. Muhula ujao anakusudia kuligawa darasa makundi manne, kila kundi na mzazi wake wa kusimamia, waanze somo la umeme.

"Ni betri na balbu ya tochi tu," anasema. "Nimeshauliza watu watatu kama vinaweza kupasuka."