Siku Mgeni Rasmi Aliponikuta Katikati ya Samaki

Aibu hii naisema mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa Kyela waisimulie wataongeza chumvi mpaka mdhani niliuzwa kwa kilo, na kweli hadi leo nikipita gulioni kuna mama mmoja muuza ndizi huniita tata, yaani baba, na kuniuliza, "Tata, umeshayeyuka?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, basi, lakini mitumbwi minne, nyumba ya bati na watoto saba waliosoma vyote vimetoka ziwani kwa mikono hii. Kwa hiyo serikali ilipotujengea mwalo mpya wa kushushia samaki, wenye sakafu ya zege, mashine ya barafu na chumba cha baridi cha kuhifadhia samaki, ikaahidi na boti ya injini, wavuvi wenzangu wakanichagua mwenyekiti wa kikundi. Tukaitwa semina ya kutumia chumba kile. Sikwenda. Nikasema mtu aliyevua tangu hajaota ndevu atafundishwa nini kuhusu samaki, tena mwalimu mwenyewe ni mkwe wangu?

(Huyo ni Tumpe, mke wa mwanangu, ndiye aliyesomea mambo hayo na ndiye msimamizi wa chumba. Na sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Alikuwa akiniona njiani anaingia migombani, nami nageuza shingo. Ndiyo heshima. Miaka sita hatukupeana hata salamu.)

Siku ya makabidhiano nikavaa suti, nikawahi. Afisa uvuvi alishatuambia wazi: mwenyekiti asipopokea ufunguo wa boti kwa mkono wake, boti inakwenda kwa kikundi cha Kaisi, jirani yangu ambaye tumeshindana tangu ujana. Nikakuta mlango wa chumba cha baridi uko wazi, nikasema ngoja nichungulie kidogo, mara nasikia Tumpe anakuja anaimba. Mle ndani hakuna migomba ya kukimbilia! Badala ya kukohoa kama mtu mwenye akili, nikajibanza nyuma ya kreti za samaki na kufumba macho, kana kwamba nikifumba mimi yeye naye haoni. Akaweka kreti yake, akatoka, mlango ukajifunga, giza.

Nikasukuma, nikapiga mateke, nikaita majina ya watu wote ninaowajua. Ule mlango ni mnene kama godoro, nani asikie, na huko nje ngoma zinapigwa kumpokea mgeni rasmi. Nikajifunika gunia, nikakaa juu ya kreti ya mbasa, wale samaki wetu wa ziwani.

Nje (nilisimuliwa baadaye) walinitafuta mpaka chooni. Kaisi akasema, "Mwenyekiti wao kaikimbia boti, tupeni sisi." Afisa akawa anakubali, ila mgeni akataka kwanza aone samaki.

Mlango ukafunguliwa. Mgeni, umati mzima, na mimi na gunia langu.

"Na huyu kavuliwa wapi?" mgeni akauliza.

"Huyo mbasa mzee, mheshimiwa, hauziki!" Kaisi akadakia, watu wakaangua kicheko.

Nilitaka kujibu, lakini meno yaligongana hata jina langu likakataa kutoka. Afisa akasema, "Mheshimiwa, mtu mwenyewe hawezi hata kuongea, tuwape hawa wengine."

Hapo Tumpe, aliyekuwa amejifunika kanga usoni na kunipa mgongo, akapaza sauti. "Mheshimiwa, huyo ni baba mkwe wangu na ndiye mwenyekiti! Kajificha kwa kuniheshimu. Kitasa cha kufungulia kwa ndani kipo, ila semina hakuja. Baba, nyoosha mkono upokee!"

Nikanyoosha. Ufunguo ukanidondoka mara mbili, mara ya tatu nikaukamata kwa mikono yote miwili, akina mama wakapiga vigelegele.

"Ndaga, mwanangu," nikamwambia, yaani asante.

Boti ni yetu, na samaki wanafika Mbeya wakiwa bado wanang'aa macho. Na Tumpe tunasalimiana kila asubuhi. Wazee wanaosema nimevunja mila nawaambia wakakae mle nusu saa ndipo tujadiliane. Semina nayo nimeapa sitakosa tena. Iliyofuata nilikaa mbele kabisa, nikafungua na kufunga ule mlango mbele ya watu mara tano, mpaka Tumpe akasema, "Baba, inatosha sasa, baridi yote inatoka."