Nafasi Aliyoiacha Kwenye Tangi la Chini

Simu ilinikuta Lodwar, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Aliyepiga ni mdogo wa marehemu, na hakuzunguka. "Dada amekwisha," alisema, kisha akaniuliza kama nitafika Kakuma kabla ya mazishi. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka mama huyo wa Sudan Kusini, mwenye mgahawa ndani ya kambi, na ndani ya mgahawa tangi la kioo lenye ngege wadogo walioletwa hai kutoka Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Alitaka watu wanaokula samaki mkavu mwaka mzima wamwone walau mara moja akiogelea. Nilipomtaja hapa, baadhi yenu mliniandikia kwa ukali: watu wanapanga mitungi bombani, yeye anawapa samaki maji? Nilimsomea malalamiko hayo. "Maji yangu ni ile ile, inazunguka tu," alinijibu. "Waulize hao, gari zao wanaosha na nini?" Ugonjwa haukumpa muda, na mimi bado nina hasira nao.

Nilimfahamu siku alipokuja Lodwar kutafuta pampu. Tangi lake lilikuwa na ndugu yake chini: maji ya juu yakifika ukingoni humwagikia kwenye bomba, yanashuka hadi tangi la chini lenye sponji na mawe ya kuyachuja, halafu pampu inayarudisha juu. Muuzaji alimwekea mezani pampu nene. "Mama, chukua hii. Hii inapandisha maji mpaka ghorofa." Wanaume wote dukani tuliafiki, maana huku kwetu pampu ni ya kisima, na ya kisima husifiwa kwa nguvu. Yeye akauliza bomba lake la kushusha litameza maji hayo yote vipi, kwa kuwa lilikuwa jembamba. Akachukua pampu ndogo na bomba la kushusha pana zaidi, akaongeza la pili la akiba, la kukaa kavu hadi la kwanza litakapoziba. Muuzaji alimwangalia kama mtu aliyekataa nyama akaomba mfupa.

Msidhani alikuwa hakosei. Alikosea, na kosa lenyewe ni letu sote tunaoishi na bomba linalotoa maji linapotaka. Maji yakija, unajaza kila kilicho wazi: mitungi, beseni, sufuria, hata birika. Asubuhi moja yalikuja, naye akajaza vyote, likiwemo tangi la chini, mpaka pomoni. Mchana nikiwa pale nakunywa chai, jenereta ya jirani inayowagawia umeme ikazima. Feni ikasimama. Sauti ya maji haikusimama. Pampu ilikuwa imekufa, lakini maji ya juu yaliendelea kushuka, mengine yakirudi kupitia bomba lile lile la kupandishia, na kule chini hapakuwa na mahali pa kuyapokea. Yakafurika ukingo, yakatambaa kwenye saruji, yakaifunika ekstensheni ya umeme iliyolazwa sakafuni. Mama yake mzee akatoka jikoni miguu mitupu, akachuchumaa katikati ya maji na kitambaa, anafyonza, anakamulia kwenye beseni. Aliona maji yanapotea. Waya hakuuona.

Bintiye, mwenye mgahawa, akamwita kwa lugha yao. Mzee akatikisa kichwa akaendelea kukamua. Binti akapanda juu ya benchi kumfikia bila kukanyaga maji, na bila kunigeukia akasema, "Wewe unakaa? Kimbia, ambia ule mtu ya jenereta asiwashe." Nilikimbia. Nilimkuta jirani ameinama, kamba ya kuwashia imezungushwa kiganjani, mguu umekanyaga chuma. "Usivute," nilimwambia. "Kidogo tu, mzee, friji za watu zinaharibika," alisema, na mkono wake ukaanza kurudi nyuma. Nikaushika. Nilimwambia kuna mtu ndani amesimama kwenye maji na waya. Akaiachia kamba. Niliporudi, mama mzee alikuwa juu ya benchi, amekumbatiwa na bintiye. Beseni lilikuwa nusu.

Wiki hiyo hiyo ekstensheni ikapigiliwa ukutani. Kwenye bomba la kupandishia akatoboa tundu dogo, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili umeme ukikatika liingize hewa na maji yaache kurudi. Halafu akapiga mstari wa rangi nyekundu ya kucha kwenye tangi la chini, mbali na ukingo, na akapiga marufuku kujaza kupita hapo. Mama yake alinung'unika kila siku ya maji: nafasi yote hiyo, tupu, kwa nini? Nami namwelewa. Sisi tukiona nafasi tupu tunaiona imesahaulika. Tazameni Lodwar tunavyojenga ndani ya laga, njia ya mto wa msimu, kwa sababu ni kavu, tukiweka duka, tukiweka choo, kama kwamba mvua ya milimani imehama. Ikirudi tunailaumu mvua. Hata ofisini mtu anajaza siku yake asubuhi mpaka jioni, kisha mgonjwa mmoja nyumbani anamwangusha.

Kwenye matanga tulikaa ndani ya mgahawa, tangi likiendelea kuzunguka, kwani hakuna aliyekuwa na moyo wa kulizima. Maombi yakiendelea, umeme ukakatika. Sote tukaligeukia tangi la chini. Maji yakashuka, yakapita mstari mwekundu, yakapanda, yakapanda tena, na niliona mikono ya jirani wa jenereta ikishika kiti. Chini kidogo ya ukingo yakasimama. "Kalas, imetosha," mdogo wa marehemu alisema taratibu. Nikawaza kwamba kabla ya kusifia nguvu ya chochote tulichojenga, tukizime kwanza tuone maji yake yanakwenda wapi. Mama mzee wa marehemu akainuka kwenye mkeka, akasogea hadi kwenye tangi, akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu. Ndipo alipoanza kulia.