Taka za Mama Kikopo

Mkimaliza kusoma haya mtasema mjomba ameanza tena. Semeni. Mimi niliishia darasa la sita, walimu walichoka kushindana nami, lakini macho ninayo. Yupo mwanamke ambaye taka za nyumba yake, za mwezi mzima, zinaingia kwenye kikopo kimoja cha maziwa ya unga, na kifuniko kinafunga. Ni dada yangu wa pekee. Mtaa mzima humwita Mama Kikopo.

Kazi yake ni kushona mashuka ya hospitali. Shuka likichanika analitia kiraka. Likishindikana wanampa, na hapo uchawi unaanza. Linakuwa mfuko wa sokoni, kisha tambara la vyombo, kisha utambi wa jiko. Maganda ya viazi yanakwenda kwenye pipa la udongo nyuma ya choo, na mboga zinazoota pale zina majani kama masikio ya tembo. Vipande vya sabuni anavichemsha vinarudi kuwa mche. Nyama anaiendea na bakuli. Siku moja mwenye bucha akamtania, "Mama Kikopo, na mifupa utanirudishia?"

"Nitakurudishia, uipime tena kwenye mizani yako hiyo yenye njaa."

Watu humsifu kwamba anapenda mazingira. Anawaangalia tu.

Mumewe, shemeji yangu, alikuwa mpakiaji wa gari la taka. Mtu wa miraba minne, anarusha mifuko garini huku anaimba vibaya. Glavu zake zilitoboka viganjani; kila mwezi aliambiwa mpya ziko njiani. Asubuhi moja, gari likiwa mtaani kwao wenyewe, akanyanyua mfuko, kipande cha glasi kikamzama kiganjani. Mfuko ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa shuka la maua, fundo mara mbili. Aliujua. Akamwita mkewe mlangoni, anacheka, damu inamtiririka hadi kiwikoni.

"Mama watoto, si ungeniambia tu kwamba umenichoka!"

Akafunga tambara, akadandia gari.

Siku ya nane taya zikakaza. Pepopunda. Alilazwa katika hospitali ileile, juu ya shuka lenye kiraka cha mkewe, mgongo umepinda kama upinde. Mlango ukigongwa tu, alikakamaa upya. Tuliingia kwa kunyata kama wezi. Siku ya kumi na mbili akatutoka, na msibani wazee walipouliza ile glasi ilitoka wapi, dada alisema, "Ilitoka kwangu."

Ni miaka sita sasa. Hataki mkono wa mtu mwingine uguse uchafu wake, ndiyo maana hauachi uwepo. Kitu kikivunjika anakizungushia shuka mara mbili, anashona pande zote, anaandika kwa mkaa KINAKATA, na anamkabidhi mpakiaji yeye mwenyewe, ana kwa ana. Majirani wakaona dawa ni hiyo. Sasa wanamletea vyao. Chupa, vioo, balbu. Macho yake yameingia ukungu, tundu la sindano halioni, lakini hakatai.

Leo alasiri nimemkuta mezani na chupa ya jirani, kidole gumba kinavuja damu. Nikamshika mkono.

"Acha, dada. Unataka ufe kama yeye?"

"Niache, kaka. Wewe hujui."

"Najua!"

Basi nikamwambia. Kwamba siku moja kabla ya gari kupita, yeye akiwa nje anaanika nguo, mimi nilikuwa jikoni kwake peke yangu, nikijipima kama bado naweza kubeba trei kichwani kama enzi zangu za uhudumu wa hoteli. Kwamba trei ilianguka, nikazoa vipande vya glasi, nikavisukumia chini ya maganda ya viazi ndani ya mfuko wa taka, nikalirudisha fundo lake vilevile. Kwamba msibani alipojitwika lile kosa nilikaa karibu naye, na nikanyamaza.

Hakuinua uso. Sindano iliendelea kutembea. Hilo lilinitisha, na mimi nikitishika mdomo hukimbia wenyewe.

"Tena haukuwa uzembe, dada. Hotelini nilikuwa nabeba glasi arobaini, sitikisiki! Siku ile zilikuwa kumi na mbili tu, ila upepo ukausukuma mlango, paka akanipita miguuni, nikatoka nje kukuita mara tatu, nikakuita kwa sauti, na wewe huku—"

"Ilikuwa glasi moja, kaka. Na hapakuwa na paka. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha, nikakuona unavifukia. Nikasema moyoni, nikimaliza kuanika nitavitoa."