Maiti Aliyepiga Chafya

Zaitoun alikuwa fundi cherehani, mtu wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na Moroni, mji mkuu wa Komoro, hakuipenda. Ilimshika tu. Mwaka 1985 askari walioongozwa na Wazungu wa kukodiwa walimkamata kaka yake, Chanfi, mchukuzi wa bandarini, wakamleta Moroni, akafia kambini. Walimzika wenyewe. Hakuna aliyejua kama alioshwa, wala walimfukia wapi. Zaitoun akahamia Moroni, na kwa miaka mitatu alikwenda langoni mwa kambi kila Jumatatu kuuliza kaburi, na kila Jumatatu aliambiwa arudi Jumatatu.

Kwa hiyo mwalimu Tadjidine alipomletea mavazi ya mchezo wake wa kuigiza ayashone, nusura amtupie mkasi. Tadjidine alikuwa amechukua mkasa wa kale wa Wagiriki, wa dada anayemzika kaka yake kinyume cha amri ya mfalme, akaugeuza kichekesho.

"Mtu hajazikwa, nyinyi mnacheka?"

"Tunamcheka mfalme, dada yangu. Njoo uone."

Alikwenda, na hasira zake. Jumamosi, baada ya alasiri, uwanja wa shule ulijaa. Mchezoni, mfalme akapiga marufuku maziko. Wazee wa baraza la mji wakamuuliza: "Wewe, ndoa kuu umeshafunga?" Hajafunga, na Komoro asiyefunga ndoa hiyo ya fahari hahesabiwi mtu mzima barazani. "Basi kaa nyuma na watoto. Hapa huna ruhusa ya kusema." Watu wakavunjika mbavu. Maiti, aliyeigizwa na Houssen, akapiga chafya. Zaitoun naye akacheka, kisha akaacha: safu ya mbele, kapteni wa Kizungu wa kambi ile alikuwa akimcheka maiti kuliko wote. Combo, mkalimani wake, maneno ya kumcheka mfalme aliyameza, hakuyatafsiri. Chafya haikuhitaji mkalimani.

Zaitoun akaenda kusimama mbele ya kapteni.

"Chanfi wangu mmemfukia wapi?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Kwa watu wa Moroni, lafudhi ya Mutsamudu mchezoni ni ya mtu wa kuchekesha. Wakadhani zamu yake imefika.

"Ndiye dada huyo! Mpigieni makofi!" watu wakapaza sauti.

"Anasemaje?" kapteni akauliza.

"Anakushukuru kwa kuja," Combo akasema.

Kifaransa cha kiasi hicho Zaitoun alikijua.

"Sikukushukuru! Nimekuuliza kaburi!"

Houssen akainuka, akaketi ndani ya sanda yake. "Nyamazeni," akawaambia watu. "Huyu mama hachezi."

Kicheko kikafa safu kwa safu. Watu mia mbili wakamtazama kapteni, wakingoja. Safari hii Combo alitafsiri neno kwa neno, jasho likimtoka. Kapteni akaangalia saa.

"Mwambie aje Jumatatu."

Akaondoka. Hakuna aliyempisha njia. Ilimbidi ajipenyeze kwa mabega.

Zaitoun akakaa kwenye kiti alichokiacha kapteni, kikiwa bado na joto.

"Lala," akamwambia Houssen. "Endeleeni. Wa kwangu sikumwona. Huyu nataka kumwona akizikwa."